Vidole Viwili

Kioo nilikinunua kwa mtu wa Watamu,
kimetoka kwenye pikipiki kubwa ya Mtaliano,
kina mkwaruzo mmoja kama sharubu ya kambare.
Nikakifunga juu ya taa kwa bolti nne
nikajisifu: sasa upepo wa kusi utanikoma.

Haukukoma.
Zamani ulinisukuma kifuani, sawasawa,
kama mtu anayekudai na kukwambia wazi.
Sasa ulipanda juu ya kioo, ukapinda,
ukaja kuizaba makofi helmeti yangu,
kushoto, kulia, du-du-du-du,
toka Mambrui hadi daraja la Sabaki,
macho yakawa yanaona barabara mbili.

Fundi Bwanaheri wa Maweni hakugusa spana.
Alichukua uzi wa sufu, mwekundu,
akaukata vipande, akavibandika pembezoni mwa kioo.
Nenda, rudi, uniambie nyuzi zimecheza vipi.
Nikaenda, nikarudi.
Za chini zililala kama watoto walioshiba.
Za juu zilirukaruka kama zimeingiliwa na siafu.
"Hapo," akasema. "Umeuzibia nyumba nzima,
hukuuachia hata dirisha."

Basi tukaanza.
Tukakishusha kidole kimoja: makofi yakahamia shingoni.
Tukakilaza nyuma: kikapiga mluzi, jino likaniuma.
Tukakipandisha: nikapata kimya, mimi,
lakini upepo ulioniruka mimi
ulimwangukia Mbodze nyuma yangu, usoni,
ukamvua mtandio ukautundika kwenye mchongoma.
"Raha yako," akasema, "naigharamia mimi?"

Siku ya nne Bwanaheri akachanja ndala kuukuu,
akatoa washa nne nene za mpira,
akazipachika kati ya kioo na chuma.
Ikabaki nafasi kwa chini, vidole viwili,
upepo upite bila kubisha hodi.
Hakudai pesa nyingi. Alitaka ndala ya pili.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo,
Mbodze na beseni lake la mahamri,
spidi sitini, sabini.
Nyuzi nyekundu zote zimelala.
Hatujafika darajani
nikasikia sauti ya mwanamke.

Alikuwa akiongea. Wala hakuanza leo.
Ilikuwa sentensi ya katikati, ya mtu aliyezoea:
"...ndiyo nikamwambia Sidi, lile bati la banda
akitoa mia nane alichukue, mbuzi si tumeshauza."

Mbuzi gani?

"Nilikwambia. Hapa hapa, penye mkunazi. Ukasema eeh."

Miaka miwili, kila alfajiri,
mke wangu amezungumza na mgongo wangu.
Na mgongo wangu, kumbe, mkarimu:
umekubali mbuzi auzwe,
umekubali mama mkwe aje akae hadi mavuno,
umeahidi godoro.
Eeh, eeh. Nami nilidhani naujibu upepo.

Nikapunguza mwendo. Na mengine?
Akataja zamu ya chama, jino la Kenga, deni la unga.
Kisha akanyamaza,
kama mtu anayepandisha kanga kuvuka dimbwi.
"Kuna moja," akasema, "la mwezi wa saba.
Nilitoka zahanati, ukanipakia.
Nilikwambia mara moja tu, juu ya daraja."

Nikasema nini?

"Ulisema eeh. Ukaongeza moto."

Daraja likawa hili hapa, na chini yake Sabaki,
mwekundu kwa udongo wa watu wa mbali.
Cheni inasikika. Beseni linasikika,
kifuniko kikigonga ukingo taratibu.
Nikasema, Niambie tena.

"Simamisha kwanza," akasema Mbodze.

Nikawasha indiketa,
ingawa nyuma yetu hapakuwa na mtu.